"Machale yangu hayanidanganyi" na dhana nyingine kuhusu namna tunavyoamua

"Wa ubongo wa kushoto ni watu wa hesabu, wa kulia ni wasanii." Dhana hii ina asili ya heshima. Roger Sperry wa Marekani alichunguza wagonjwa wa kifafa waliotenganishwa pande mbili za ubongo kwa upasuaji, akapata Nobel mwaka 1981. Kweli, kuna kazi zinazoelemea upande mmoja. Lugha, kwa walio wengi, iko zaidi kushoto. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipopitia picha za ubongo za watu 1,011 mwaka 2013, hawakukuta watu wa kushoto wala wa kulia. Mhasibu wa Posta jijini Dar es Salaam anayepiga gitaa jioni hana ubongo wa ajabu.

"Weka hisia pembeni ndipo uamue." Daktari Antonio Damasio aliwahudumia watu walioumia sehemu ya mbele ya ubongo: akili timamu kwenye vipimo, hisia zimefifia. Mmoja alipewa tarehe mbili achague ya kurudi kliniki. Alipima faida na hasara karibu nusu saa, asiamue.

"Machale yangu hayajawahi kunidanganya." Inategemea yamekuchezea wapi. Nenda soko la samaki Feri alfajiri. Mama wa kukaanga anatazama jicho la samaki, anafunua shavu aone wekundu, anabonyeza ubavu kwa kidole gumba, keshajua. Ukimuuliza kajuaje, atakwambia anaona tu. Na anaona kweli, maana akikosea asubuhi, jioni wateja wanamrudishia sahani.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, waliotoka kambi mbili zinazopingana juu ya suala hili, waliandika pamoja mwaka 2009 kwamba machale ni ya kuaminika pale mambo yanapofuata utaratibu, na mtu amepata nafasi ya kutosha kuujifunza.

Sasa mama huyohuyo apelekwe Kigamboni kununua kiwanja. Dalali kapendeza, anamwita "mama yangu", machale yametulia kabisa. Lakini kiwanja wengi wetu hununua mara moja au mbili maishani, na mtu wa pili aliyeuziwa hapohapo anaweza kuibuka baada ya miaka. Machale yangejifunzia wapi? Hapo ni kuuliza majirani na serikali ya mtaa, kisha kufanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti. Kwa maoni yangu wanaotapeliwa viwanja wengi si wajinga. Wamezoea tu kupatia kwingine.

"Anayenunua duka la kwanza ni mvivu wa kufikiri." Mwanauchumi Herbert Simon alishalijibu hili mwaka 1956: viumbe hutafuta kinachotosha, si kilicho bora kuliko vyote. Muda nao ni gharama. Kuizunguka Kariakoo nzima juani, mkoba umeukumbatia kifuani, kwa ajili ya chaja ya simu? Kwa friji, sawa, zunguka.