Bastola ya kusitiriwa si leseni ya siri

Juzi baada ya Magharibi, barazani Kibokoni, nimeisikia tena: "Marekani jaji akistaafu hupewa leseni ya siri ya bunduki." Aliyeisema aliteremsha sauti na kikombe chake cha kahawa chungu, na waliomzunguka wakaguna kana kwamba wameambiwa njama.

Maana ya leseni hiyo ni fupi. Ni leseni ya kutembea na bastola hadharani ikiwa imefunikwa na nguo. Haizungumzii kumiliki, inazungumzia kubeba. Jimbo la Texas, kwa mfano, lilipitisha sheria yake 1995 na likaweka kifungu maalumu cha majaji, walio kazini na waliostaafu. Jaji mstaafu naye hujaza fomu na kutoa alama za vidole, na serikali ya jimbo ikawa na jina lake. Tangu Septemba 2021 watu wengi wa miaka 21 na zaidi hubeba bastola huko bila leseni, ingawa leseni yenyewe bado hutolewa.

Sasa hiyo siri imetoka wapi? Nadhani imetoka kwenye kitenzi "kuficha". Ficha ni neno pana mno: mwizi huficha alichoiba, na mama huficha pesa za karo kwenye pindo la leso. Anayetafsiri akisema "bastola iliyofichwa", msikilizaji huruka moja kwa moja hadi kwenye siri, kisha siri ikahama kutoka kwa bastola ikaikalia leseni.

Neno tunalo, tena la kila siku: kusitiri. Watu hudhani siri na sitiri ni ndugu kwa sababu yanafanana mdomoni. Si ndugu. Siri ni "sirr" ya Kiarabu, jambo ambalo wengine hawatakiwi kulijua. Sitiri imetoka "satara", kufunika, na humo ndimo tulimopata stara. Tunapoomba Mungu atusitiri, hatuombi tusijulikane tulipo. Litazame kawa la ukindu juu ya sinia ya wali saa saba mchana. Aingiaye anajua kilichomo, harufu ya nazi imeshamfikia mlangoni. Kawa limefunika chakula nzi wasitue juu yake, halijakifanya siri. Bastola chini ya koti ni hivyo hivyo: imefunikwa watu sokoni wasishtuke, na mwenye mamlaka ya kujua anajua.

Linaniuma kwa sababu "siri" humfanya jaji aonekane mtu wa upendeleo wa gizani. Juni 2022 John Roemer, jaji mstaafu wa Wisconsin, aliuawa nyumbani kwake na mtu ambaye jaji huyo alimhukumu kifungo mwaka 2005. Miaka 17 ilikuwa imepita. Sisi wenyewe, Juni 2024, tulipoteza hakimu aliyepigwa risasi akiendesha kesi Makadara, Nairobi. Hofu ya watu hawa iko wazi, haina haja ya kunong'onwa.

Na tusiichanganye leseni hii na cheti cha silaha cha kwetu Kenya, kinachotolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Hicho kina masharti yake.

Basi kaka yangu wa barazani, habari uliyoileta ni ya kweli, neno moja tu limekuponyoka. Kesho ukiirudia, sema "leseni ya kubeba bastola iliyositiriwa", na uiseme kwa sauti yako ya kawaida.