Adolph Murie na Mafuvu 829 ya Kondoo

Watalii tunaowaongoza porini wakituuliza fisi anakula nini, tunaokota kinyesi chake kikavu, cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa, tunakivunja na kuwaonyesha nywele zilizomo. Wengine hukunja uso. Mimi humkumbuka Adolph Murie, mtafiti wa wanyamapori.

Murie alizaliwa Minnesota, Marekani, mwaka 1899. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1929, na mwaka 1934 akaajiriwa na idara ya hifadhi za taifa. Mwaka 1939 alitumwa Alaska, kwenye hifadhi ambayo leo inaitwa Denali. Kondoo weupe wa milimani walikuwa wamepungua mno, na kelele zilikuwa nyingi: mbwa mwitu wauawe! (Nasema mbwa mwitu wa kijivu wa kaskazini, si hawa wetu wenye mabaka, ingawa nao walipigwa risasi miaka mingi kama waharibifu, hata ndani ya hifadhi.)

Murie akaingia porini kwa miguu kutafuta kama kweli wao ndio waliowamaliza kondoo. Aliokota vinyesi 1,174 vya mbwa mwitu na kukusanya mafuvu 829 ya kondoo. Pembe ya kondoo yule hujiandika pete kila mwaka, kwa hiyo ukizihesabu unajua alikufa na umri gani. Taya nalo linakuonyesha kama alikuwa na maradhi. Jibu likajitokeza lenyewe: walioliwa wengi walikuwa wachanga, wazee au wagonjwa. Wenye nguvu waliwahi majabalini.

Mei 1940 alitambaa kwa tumbo ndani ya pango la mbwa mwitu, akawavuta watoto kwa kijiti, akabaki na mmoja wa kike ili amsome tabia. Alimwita Wags. Wenzake aliwarudisha kwa mama yao.

Ripoti yake ilitoka mwaka 1944. Kelele hazikuisha. Kondoo walizidi kupungua, na mwaka uliofuata Murie mwenyewe alikubali, shingo upande, mbwa mwitu wachache wapunguzwe. Silifichi hilo, lakini kuangamiza jamii nzima ya mnyama hakukubali kamwe.

Baadaye alipigania barabara ya Denali isipanuliwe wala kuwekwa lami hadi ndani. Alifariki mwaka 1974. Hadi leo, ukishapita maili 15 za mwanzo, unasafiri juu ya changarawe.