"Sina sauti" na dhana nyingine kuhusu muziki wa laivu

Kila ninapomshauri mgonjwa aliyelemewa na mawazo ajiunge na korali ya kwao, iwe mtaa wa Kadutu au Bagira hapa Bukavu, Kongo, jibu ni lile lile: "Docta, mimi sina sauti. Nitakaa nyuma nisikilize." Nimelisikia kupita kiasi.

Dhana: raha ya kuimba ni ya wenye sauti nzuri.
Si kweli, na hii inaniudhi kuliko zote, maana inamfungia nje yule hasa anayehitaji kuingia. Mwaka 2012 Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walipima jinsi watu wanavyovumilia maumivu kabla na baada ya muziki. Walioimba, kucheza au kupiga ngoma walivumilia zaidi, dalili kwamba mwili umetoa endofini, kemikali yake ya kutuliza maumivu na kuleta raha, na nyoyo zao zilichangamka. Waliosikiliza tu hawakupata ongezeko hilo. Endofini haichagui aliyeshika noti sawasawa. Inaletwa na pumzi ndefu, mwili kufanya kazi, na kwenda mdundo mmoja na walio kando yako.

Hapa hapa Bukavu, katika Hospitali ya Panzi, walionusurika ukatili wametunga na kurekodi nyimbo zao wakisaidiwa na mwanasaikolojia na mtayarishaji wa muziki. Hawakuhitaji kuwa wanamuziki kwanza.

Kwa hiyo, Mama, Papa, msisimame nyuma. Simama katikati ya wawili wanaoujua wimbo, shika kiitikio, piga makofi. Na tafadhali nenda siku za mazoezi, si Jumapili tu. Mazoezini ndiko watu huulizana habari za nyumbani, na asiyeonekana hutafutwa. Kwa mtu aliyejifungia ndani miezi mingi, kutafutwa ni jambo kubwa mno. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa wanaojifunza kuimba pamoja huzoeana haraka kuliko wanaojifunza kazi za mikono au uandishi.

Dhana: simu inatosha.
Sikiliza simu yako, sikukatazi. Ila watafiti wa Zurich mwaka 2024 waliona kwamba amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hisia, iliitikia zaidi wapiga piano walipocheza laivu, wakibadilisha uchezaji kadiri msikilizaji alivyoguswa. Simu haikuoni.

Dhana: mwenye msiba akae mbali na nyimbo.
Anayesema hivi amehudhuria matanga gani? Kwetu mfiwa huimbiwa usiku kucha, naye huimba huku analia. Aachwe aimbe.

Dhana: jukwaani mwimbaji huchoka tu, raha ni ya watazamaji.
Wote hupata. Kotisoli, homoni ya msongo, imepimwa ikishuka kwa watu waliohudhuria tamasha. Kwa waimbaji hushuka wanapoimba bila presha, lakini onyesho lenye presha kubwa huipandisha. Viongozi wa korali mnaogombeza watu mbele ya wenzao, hili linawahusu: mnawaharibia kile walichokifuata.

Dhana: nikianza kuimba, niache dawa.
Hapana. Vidonge ulivyoandikiwa endelea navyo mpaka aliyekuandikia aseme vinginevyo. Anayewaza kujiua aje kliniki leo, asisubiri mazoezi. Korali tutamtafutia wiki hiyo hiyo, hata akisema hana sauti.