Mtoto naye apewe maua yake, lakini kwa lipi?

Nalea watoto na vijana kanisani, hapa wilayani Masasi, mwaka wa kumi na nne sasa. Nilisomea malezi na makuzi ya watoto, lakini kosa langu kubwa nililifanya nikiwa na cheti tayari mkononi, kipaza sauti mkono wa pili.

Majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza yalikuwa yametoka. Msimu wa korosho, watu wana hela kidogo, kanisa limejaa. Baada ya matangazo nikawaita mbele watoto wetu waliochaguliwa. Wakatoka kumi na mmoja. Vigelegele, makofi ya kilo, akina mama wakawafunga kanga, wajomba wakaja na noti. Kikundi chetu kilikuwa na watoto kumi na watano wa darasa la saba. Wanne walibaki kwenye mabenchi, wakitazama vidole vyao vya miguu.

Mmoja wa wale wanne ni binti aliyekuwa akifagia kanisa kila Jumamosi bila kutumwa. Alitoka nje kabla ya baraka. Sikumwona tena mpaka karibu na Pasaka, na aliporudi alikaa na watu wazima.

Paulo aliwaandikia Warumi wafurahi na wanaofurahi, na palepale, mstari uleule, walie na wanaolia. Mimi siku ile nilisoma nusu ya mstari.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza tulikopata sherehe za namna hii. Jibu langu, na nipo tayari kubishiwa, ni kwamba tumezitoa kwenye mahafali ya shule: namba moja, namba mbili, namba tatu, wengine pigeni makofi. Huku kwetu kumshangilia mtoto ni jambo la zamani kuliko shule. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera wote wanajua siku ya kutoka mwali. Amepakwa mafuta, amevishwa nguo mpya, ngoma zinalia, shangazi anacheza mpaka kilemba kinadondoka. Umewahi kusikia mwali akipewa alama za mtihani? Wameingia pamoja, wanatoka pamoja. Anayeshangiliwa ni mtoto aliyevuka.

Wala si mimi wa kwanza kuona kwamba kanisa lina la kujifunza hapo. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ya Anglikana ilipoundwa mwaka 1926, hakulipiga marufuku jando kama wamisionari wengine walivyofanya kwingine. Alilichukua, akaondoa aliyoona hayapatani na Injili, akaweka sala na mafundisho, likawa jando la Kikristo. Wasomi bado wanabishana kama alifanya sawasawa, na mimi mwenyewe yapo ya unyago ambayo sitamruhusu binti yangu afundishwe akiwa na miaka tisa. Ila hilo la kutoka pamoja nimelichukua zima zima.

Sasa turudi kwenye utaalamu kidogo, maana watu huniuliza kama kumsifu mtoto si kumharibu. Inategemea umemsifu kwa lipi. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya Marekani na watoto wa darasa la tano. Watoto walifanya maswali, wakafaulu. Kundi moja likaambiwa, mna akili sana. Kundi jingine likaambiwa, mmejitahidi sana. Kisha wakapewa maswali magumu, wakakwama wote. Waliosifiwa akili walikata tamaa mapema zaidi, na walipoambiwa waandike alama zao kwa ajili ya watoto wa shule nyingine, karibu wanne kati ya kumi walijiongezea. Ukimwambia mtoto ana akili umempa cheo, na mwenye cheo huogopa kukipoteza.

Zawadi nazo zina mtego wake. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa hiari yao. Wengine waliahidiwa cheti kizuri chenye utepe wakichora. Wengine walichora, cheti kikawashtukiza mwishoni. Siku kadhaa baadaye, wale walioahidiwa ndio waliopoteza hamu ya kuchora. Wale wa kushtukizwa hamu yao ilibaki palepale. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa na mpango wa mistari kumi ya kukariri kwa daftari moja. Daftari zilipokwisha, na mistari ikaisha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo siku hizi siahidi kitu. Nina kauntabuku, kila mtoto ana ukurasa wake, na walezi wenzangu wawili huandika humo walichokiona kwa macho yao. Huruhusiwi kuandika "ni mtoto mzuri", wala "ana nidhamu". Andika tendo: nani, alifanya nini, lini. Nikifungua sasa hivi naona: "Alimsubiri mdogo wake amalize kufunga kiatu, wakachelewa wote wawili." Mwingine: "Amekosea wimbo, akaendelea mpaka mwisho." Mwingine ameokota korosho na bibi yake juma zima, lakini Jumamosi akaja mazoezi ya kwaya, vidole vimebanduka ngozi kwa mafuta ya maganda, maana walibangua za kula nyumbani.

Mara tatu kwa mwaka tunafanya siku ya shangwe. Watoto wote wanaingia kwa pamoja na wimbo, wanakaa mbele wote, na kila mmoja anasomewa tendo moja. Si ripoti yake ya shule. Aliyefaulu mtihani tunamfurahia pia, siku hiyohiyo, ila tunataja jinsi alivyosoma kwa kibatari, hatutaji alama.

Pana mvulana mwenye kigugumizi. Aliomba mwenyewe asome somo siku ya shangwe, nami nilisita. Akafika kwenye neno "Bwana", likakwama. B, b, b. Kanisa kimya, unasikia popo kwenye dari. Mzee mmoja nyuma akataka kumsaidia kulitamka, mkewe akamkanyaga mguu. Neno likatoka. Akasoma mistari sita kwa muda ambao padre husoma sura nzima. Alipomaliza hakuna aliyepiga kigelegele mara moja, kisha wakapiga wote. Kwenye ukurasa wake niliandika: "Hakuruka neno hata moja." Hilo ndilo alilosomewa, na sikuongeza "jasiri", maana angejiona kioja.

Ugumu uliobaki ni kutunza, yaani kumpa mtoto noti anaposhangiliwa. Huku kwetu huwezi kumzuia shangazi asitoe noti, utamvunjia heshima. Lakini mwenye mjomba tajiri anatoka na mfuko umetuna, na yatima anatoka na makofi matupu. Tuliweka kapu moja la ukili mbele ya altare. Mtunze mtoto wako, mcheze, mkumbatie, noti iingie kapuni, na inanunua sare za kwaya na maandazi ya wote. Mwaka wa kwanza walininunia. Mzee wa kanisa mmoja aliniambia nimeleta ujamaa kanisani. Nikamjibu, shikamoo mzee, kapu lile pale.

Na usimburute mtoto mbele kwa nguvu. Wapo wanaotamani dunia ipasuke wamezwe wakitajwa hadharani. Hao nawaambia pembeni, au nawaandikia mama zao ujumbe. Picha vilevile: kabla hujairusha kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, muulize mzazi, na mtoto pia.

Siku ya shangwe inayofuata ni wiki tatu zijazo. Kurasa zote zina kitu isipokuwa moja, ya mvulana anayekuja, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango na kuondoka bila neno. Walezi wote watatu hatujaona kitu cha kuandika, na hiyo ni aibu yetu. Jumapili hii nitakaa benchi lile.