Inhela haifanyi mapafu yawe mavivu

Huku Moshi, hasa Julai baridi ikishuka toka mlimani na vifua vinaanza kubana, utaskia watu wakisema mwenye pumu akizoea inhela, kile kichupa cha kuvutia dawa kifuani, mapafu yanakuwa mavivu, bora anywe tangawizi na mwarobaini, ajifukize mkaratusi, afanye na yoga, atapona kabisa. Ni imani ya siku nyingi na inaeleweka, dawa za duka ni hela na majani yapo uani.

Ila pumu ni njia za hewa kuvimba ndani na kubana, ndo maana unaskia ule mluzi mtu akitoa pumzi. Salbutamol, ile inhela ambayo mara nyingi ni ya bluu, inafungua hizo njia ndani ya dakika chache lakini uvimbe unabaki, inayoshusha uvimbe ni inhela ya kukinga yenye steroidi, inavutwa kila siku hata ukijiskia mzima, na hapa ndo wengi wanakwama, wakipata nafuu wanaacha, kifua kikirudi wanasema dawa imewazoesha. Hapana, ni uvimbe umerudi. Yoga na mazoezi ya kupumua yanaweza kusaidia, fanya tu pamoja na dawa. Kujifukiza jamani acha, mvuke na moshi wa majani unaweza kuamsha pumu yenyewe.

Kujicheki: hesabu wiki hii umevuta ya bluu mara ngapi, zikizidi mbili pumu haijatulia, nenda kliniki uombe kupuliza kile kipimo kinachoonesha kwa namba nguvu ya pumzi unayotoa, rudia baada ya wiki kadhaa za dawa ulinganishe namba. Na mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, avute ya bluu huku anawahishwa hospitali, msisubiri majani yachemke.