Kuku wa Kitaliano asilale jikoni: maswali ya wapishi wa Malindi

Mimi ni muuguzi katika kliniki moja hapa Malindi. Wagonjwa wangu wengi ni watu wa jikoni: wapishi na yaya wa majumba ya mtaa wa Casuarina, pamoja na watoto wao. Tangu Wataliano waje Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, miaka ya 1960 kwa ajili ya kile kituo cha kurushia roketi, mapishi yao yametoka kwao yakaingia kwetu, na kuku wao wa kwenye sufuria ndiye aliyependwa kuliko wote kwa sababu hahitaji oveni. Jiko la gesi la meko moja linatosha. Sina ugomvi na kuku huyo, hata mimi nampika. Ugomvi wangu ni na sufuria inayolala juu ya jiko mpaka asubuhi. Jumatatu haipiti bila mtu kuniletea tumbo lililotokana na sufuria hiyo, na maswali huwa ni yale yale.

Kuku wa Kitaliano ni yupi hasa?

Wako wengi, lakini watatu ndio ninaowasikia sana. Cacciatora, yaani kuku wa mwindaji: vipande vyenye mfupa hukaangwa kwa mafuta ya zeituni mpaka vishike rangi, kisha hutokota taratibu na vitunguu, saumu, tungule na rosemari. Kuku wa Kirumi: naye ni hivyo hivyo ila kwa pilipili hoho nyingi, na watu wa Roma humla sana tarehe 15 Agosti, sikukuu yao ya Ferragosto. Wa tatu ni scaloppine: kidari hukatwa vipande vyembamba, hupakwa unga, hupikwa kwa siagi na ndimu dakika chache tu.

Kuumwa kwa sababu ya chakula ni nini?

Ni kumeza viini au sumu iliyoachwa na viini. Tumbo hukata, mtu hutapika au huhara, wengine huwa na homa. Kiini kiitwacho salmonela huanza kuumiza kati ya saa 6 na siku 3 baada ya kula. Kingine, kampilobakta, hukawia, mara nyingi siku 2 hadi 5, ndiyo maana watu humlaumu samaki wa jana na kumbe mkosaji ni kuku wa Jumapili. Hao wawili hutoka kwenye kuku mbichi au asiyeiva. Wengine hutoka kwenye kuku aliyeiva vizuri kabisa halafu akaachwa, na hao ndio wanaonijazia benchi.

Nilimpika akaiva, sufuria nikaifunika. Kuna ubaya gani akilala jikoni?

Upo, na ni mkubwa. Mfuniko unazuia nzi na mjusi. Viini havingoji kuingia kwa juu, vimo ndani tayari. Kuna aina moja, klostridia, ambayo mbegu zake hustahimili kuchemka. Unapozima moto mbegu hizo ziko hai chini ya mchuzi. Mchuzi wa cacciatora ni mzito, sufuria ni kubwa na mfuniko umebana, kwa hiyo joto linashuka polepole mno. Likifika kwenye uvuguvugu wa kama nyuzi 45, viini hivyo hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 10 hivi. Piga hesabu mwenyewe: kimoja, baada ya saa 2, ni 4,096. Wewe uliizima saa mbili usiku, ukaifungua saa moja asubuhi. Na chakula hicho hakinuki wala hakibadiliki ladha, kwa hiyo kuonja hakukusaidii kitu.

Lakini asubuhi naipasha moto.

Hapana. Naomba nisikilizwe hapa, maana jibu hili nalitoa kila siku. Kwanza, kupasha kwenu nakujua: moto mkubwa, mchuzi unatokota pembeni, katikati ya paja bado vuguvugu, mnapakua. Huko ni kuvipa viini joto vinalolipenda. Pili, viini vingine, hasa vya stafilokoka vinavyotoka kwenye mikono, pua na vidonda vya mpishi, humwaga sumu ndani ya chakula kikiwa kimekaa. Moto unaua kiini. Sumu hauiui.

Na nikiichemsha nusu saa nzima?

Hapana. Sumu hiyo hustahimili kuchemka. Utakula viini vilivyokufa pamoja na sumu iliyo hai, na ndani ya saa chache utakuwa umeinama chooni. Tambi na wali uliobaki nje una shida ya namna hiyo hiyo, kutokana na kiini kingine. Kupasha si kusafisha.

Mtaliano wangu husema kuku huyu hunoga zaidi siku ya pili. Anadanganya?

Hadanganyi. Kuku wa hoho hasa, viungo huingia ndani akilala. Lakini huyo bwana anamlaza kwenye friji, halazi sufuria juu ya jiko la Malindi mwezi wa Februari. Alale, ila alale kwenye baridi.

Nimlaze vipi basi? Nikitia sufuria ya moto kwenye friji si itaharibika?

Usitie sufuria. Mpakue kwenye bakuli pana au vyombo vifupi, mchuzi usizidi kina cha vidole vitatu. Weka vyombo hivyo ndani ya beseni la maji baridi, ukiwa na barafu tia, koroga kidogo kwa kijiko safi. Baada ya kama nusu saa moshi umekwisha, funika, tia kwenye friji. Kazi yote iwe imekwisha ndani ya saa 2 tangu ulipozima moto. Jikoni kukipita nyuzi 32, na kwetu kuanzia Desemba hadi Machi hupita, hesabu saa 1. Kwenye friji chakula hicho kiliwe ndani ya siku 3. Utakapopasha, toa kile mtakachokula tu, kitokote chote mpaka ndani ya nyama, na kikibaki tena usikirudishe.

Stima ikipotea usiku kucha na friji ikawa vuguvugu, kuku huyo amelala nje. Mhesabu hivyo.

Sina friji.

Basi pika kinachoisha. Paja moja kwa mtu, siyo kilo tatu kwa watu wanne. Najua kuku wa vipande hununuliwa kwa mfuko na bei ya mfuko ni nafuu. Gawaneni na jirani wakiwa bado wabichi, siyo kesho yake baada ya kupikwa na kulala.

Kwa tajiri wangu ninakopika nilipewa kilichobaki mezani. Nikitupe?

Swali hili linaniuma kuliko mengine, kwa sababu anayeuliza huwa ni mama aliyefurahi kuwa watoto watakula kuku. Safari ya chakula hicho naijua. Kimepakuliwa saa mbili usiku, kimekaa mezani wageni wakizungumza mpaka saa tano, kimesukumwa jikoni kwenye sinia, mpishi amekifunga kwenye mfuko asubuhi, tuktuk, nyumbani, watoto wakala saa saba mchana. Ni saa 17 hizo.

Kukitupa inauma, lakini ndiyo, kitupe. Nikiwa na la kumwambia mwenye nyumba ni hili: ukitaka kumpa mpishi wako chakula, mpe kabla hujakaa mezani, kikiwa bado cha moto, na umruhusu akiweke kwenye friji yako mpaka aende zake.

Tumekula kiporo tangu utotoni na tuko hai.

Mliobaki ndio mnaoniambia hivyo. Halafu, bibi alichinja kuku mmoja akaliwa usiku ule ule na mifupa ikatafunwa. Kiporo chake hakikuwa sufuria ya kilo tano ya mchuzi mzito. Mwiku wa mkate na mwiku wa cacciatora si kitu kimoja.

Nitajuaje kwamba ameiva?

Usiangalie rangi ya mchuzi. Tungule hukudanganya: ukichana paja lililotokota ndani yake, wekundu wa mchuzi unafunika wekundu wa damu. Litoe paja, liweke kwenye sahani nyeupe, lichome penye kiungo karibu na mfupa. Maji yatoke yasiyo na damu, nyama iachie mfupa. Wenye kipimajoto cha jikoni wakichomeke sehemu nene bila kugusa mfupa, kisome nyuzi 74. Mapaja ya kuku wa kisasa huhitaji kama dakika 40 za kutokota taratibu, kienyeji zaidi. Scaloppine ziwe nyembamba kweli, zisifike unene wa kidole kidogo. Kidari kizima kwenye kikaango chenye moto mkali huungua nje na kubaki kibichi ndani, na kile kilichotoka kwenye barafu ndio kabisa. Barafu iyeyuke kwenye friji usiku, ndani ya bakuli, rafu ya chini.

Mvinyo au ndimu si vinaua viini?

Haviui vya kutosha. Ndimu, siki na mvinyo ni ladha tu. Tusiotumia mvinyo tunatia siki kidogo na maji, na hatukosi kitu. Kinachoivisha kuku ni moto.

Kuku tumuoshe kwanza?

Mtanikasirikia, lakini hapana. Ukimuosha chini ya bomba maji yanaruka hadi kwenye kibao, vijiko na ile saladi ya tungule na mrihani uliyokwisha kuikata. Kuku atapikwa, saladi haitapikwa. Kama ana manyoya au damu, mpanguse kwa karatasi ya jikoni uitupe, kisha nawa mikono kwa sabuni. Anayeona lazima amuoshe kwa ndimu afanye ndani ya beseni, polepole, vyakula vibichi vikiwa mbali, halafu asugue beseni na sinki kwa sabuni.

Mtoto ameanza kuhara. Nimpe vidonge vya Flagyl na soda nisubiri?

Hapana. Mwezi uliopita mama alimleta kijana wa mwaka mmoja na nusu. Alikula kuku aliyelala Jumamosi, aliletwa Jumatatu jioni. Siku mbili nzima alipewa nusu ya kidonge cha dukani na soda iliyotolewa gesi. Nilimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kanga iliyokunjwa, ikarudi polepole. Macho yamezama, analia na machozi hayatoki. Tulimtia maji ya mshipa, akapona. Angeletwa Jumapili asubuhi angetoka kwangu na pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji.

Flagyl haitibu tumbo la kuku kama hili. Soda ina sukari nyingi mno, huvuta maji kuyaingiza tumboni na kuhara huzidi. Dawa ya kuzuia kuhara usimpe mtoto kamwe.

Kinachomuua mtoto anayehara ni kukaukiwa maji, kwa hiyo anza na maji saa ile ile. Pakiti ya ORS ikorogwe kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, usikisie. Huna pakiti: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe sawia, visifurike. Kila akihara, mtoto wa chini ya miaka 2 anywe robo hadi nusu kikombe, mkubwa nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika ngoja dakika 10 uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Vidonge vya zinki tunavitoa kliniki, hunywewa siku 10 hadi 14 hata tumbo likishatulia. Wengi huacha siku ya tatu, msiache.

Nimlete lini?

Leo. Akiwa na damu kwenye choo, akitapika kila anachokunywa, akilegea au kushindwa kunyonya, macho yakizama, akikaa saa 6 bila kukojoa, akiwa na homa kali: usingoje asubuhi, usingoje baba arudi kutoka kazini, usipitie dukani kwanza. Mama mjamzito, mzee, na mtoto wa chini ya miezi 6 waje hata kama ni kuhara kwa kawaida. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kukaa nyumbani na ORS yake, asipoona nafuu kwa siku 2 aje.

Mimi ni mpishi na tumbo limeniendesha jana. Leo nina wageni wanane.

Usiingie jikoni. Ngoja saa 48 tangu ulipohara mara ya mwisho, hata kama unajisikia mzima, kwa sababu viini bado vinatoka na mikono ndiyo inayovipeleka kwenye chakula. Mwenye kidonda kidoleni naye akifunge plasta isiyopitisha maji na avae glavu, au aachie wengine kuku. Ukihofia kupoteza kibarua, pita kliniki nikuandikie karatasi ya mapumziko umpelekee mwenye nyumba. Nimeshaandika nyingi, na sijarudishiwa hata moja.