Je, wajua kwa nini daktari humwambia huyu ahasi mbwa sasa, na yule asubiri?

Majirani wawili wa Ntinda, Kampala, wanaweza kupeleka mbwa wao wa miezi saba kwa daktari mmoja wa mifugo, wakarudi na majibu mawili. Mwenye jike wa kienyeji ataambiwa afanye haraka. Mwenye dume aina ya German Shepherd ataambiwa angoje mbwa atimize mwaka na zaidi. Daktari habahatishi. Tofauti iko kwenye mifupa.

Mfupa wa mbwa mchanga hurefuka kwenye ncha zake, penye gegedu laini. Homoni za uzazi, kutoka korodani kwa dume na ovari kwa jike, ndizo zinazoiamuru gegedu hiyo igeuke mfupa na kuacha kukua. Zikiondolewa mapema, mfupa hurefuka kupita kipimo chake, na goti au nyonga hubeba mzigo vibaya. Mbwa wa umbo dogo haathiriki sana. Mwenye kilo 35 huathirika. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa hesabu za German Shepherd: kati ya madume waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja, asilimia 21 walipata ugonjwa wa viungo. Kwa wasiohasiwa, asilimia 7. Na huyo ndiye mbwa ambaye mabwanyenye wa Kampala humweka getini.

Kwa jike, saa inakwenda kasi. Joto la kwanza, yaani kipindi cha kutaka dume, huja kati ya miezi 6 na 12, kisha hurudi takriban kila nusu mwaka, na mimba ni siku 63 tu. Pasipo ukuta, na boma nyingi Uganda hazina, madume wa kijiji kizima watakesha mlangoni. Hawaachi watoto tu. Kuna saratani ambayo mbwa huambukizana kwa kupandana: seli za uvimbe zenyewe huhama mwilini mwa mmoja na kuota kwa mwingine. Jambo la ajabu, lakini madaktari wa nchi ambako mbwa huzurura wanaliona sana, na hulitibu kwa sindano. Jike asiyehasiwa akizeeka, mji wake wa mimba unaweza kujaa usaha wiki chache baada ya joto, na asipopasuliwa upesi hufa. Upasuaji wa kumhasi huondoa ovari, na mara nyingi mji wa mimba pia, kwa hiyo hatari hiyo hufutika.

Wenye nyumba wengi huogopa kwamba mbwa aliyehasiwa hatalinda. Hofu hiyo haina msingi mkubwa: kumbwekea mgeni hutokana na ukoo na malezi kuliko korodani. Kinachopungua ni kutoroka, kukojolea kila nguzo na kugombania majike. Ila kama mbwa wako huuma kwa woga, usitegemee kisu kimtulize. Wengine huzidi kuwa waoga. Atanenepa pia, maana mwili wake sasa unahitaji chakula kidogo. Punguza posho (ugali) na mukene (dagaa) kwa kama robo.

Kwa maoni yangu, jike anayetembea huru ahasiwe kabla ya joto la kwanza, na dume mkubwa anayekaa ndani ya ukuta asiharakishwe. Anayezurura barabarani, hata akiwa mkubwa, hesabu yake ni nyingine: goti bovu ni la kesho, boda na mapigano ni ya leo. Kule Gulu, shirika la The BIG FIX Uganda huhasi na kuchanja mbwa wa vijijini, kwa kuwa kichaa cha mbwa nacho husafiri na wanaozurura.

Jike akiwa kwenye joto, ngoja miezi miwili au mitatu, kwa sababu mishipa ya damu ya kizazi huwa imevimba. Dume naye, akishahasiwa, mtenge na majike kwa wiki sita: mbegu zilizobaki bado zinaweza kutia mimba.